Kukiri, Kukariri

Merthyr Tydfil, Jumanne, mvua ya tangu juzi.
Tumekaa kumi na tisa chumba cha nyuma cha kanisa,
hita moja inanuka vumbi linaloungua,
na mimi, Tusajigwe, katibu, na daftari la mihtasari.
Ajenda ya tatu: Waanglikana wa mtaa wa juu
wametualika Pentekoste tuabudu pamoja,
na katikati ya ibada wote wasimame
waseme Kanuni ya Imani.

Mzee Gwilym Probert hakungoja nimalize kusoma.
"Babu za babu zangu walitozwa faini
kwa kukataa kusemeshwa maneno ya mfalme.
Biblia ipo. Nani tena anataka kunishika ulimi?"
Akaketi. Kiti kikalia.

Nikaandika: Ndugu Probert anapinga.
Daftari halina mstari wa kuandikia
kwamba katibu naye anabishana na karatasi.

Sina ugomvi na Muumba wa mbingu na nchi.
Sina ugomvi na Bikira, wala na siku ya tatu.
Neno "katoliki" lilimkwaza dada Eluned;
nikamweleza maana yake ni la watu wote,
akasema, basi si waandike hivyo?
Kushuka kuzimu: nimetafuta andiko, nimepata nusu.
Kinachoniuma ni kialama kidogo,
maana karatasi ni ya Kiingereza
lakini kichwa changu husoma Kiswahili:
akazaliwa na Mariamu, mkato, akateswa.
Mkato!
Hapo ndipo walipokata
arusi ya Kana, kiziwi aliyetiwa vidole masikioni,
mtungi alioutelekeza yule mama kisimani,
heri wenye upole, wapendeni adui zenu.
Pilato kapata nafasi. Mlimani hakuna aliyepanda.

Mimi nilibatizwa mtoni Kiwira,
maji ya baridi yananifika mbavuni.
Mchungaji aliuliza neno moja: Unaamini?
Nikajibu neno moja. Hakuna aliyeninong'oneza.
Tangu siku hiyo najua kukiri ni jambo moja
na kukariri ni jingine;
imezidi silabi moja tu,
na mtu aweza kuzama humo.

Kura tukaisogeza wiki moja.

Jumatano usiku nilikuwa zamu.
Chumba cha nane, Bi Morfydd Askew,
ambaye majina ya wanawe yameshamtoka,
ambaye huniita kwa jina la dada yake
na kijiko hukigeuzageuza asijue ni cha nini,
saa tisa za usiku aliketi kitandani, akaanza:
Namwamini Mungu Baba,
akaenda nayo hadi uzima wa milele,
hakuruka hata neno.
Kisha akaomba chai.
Nilisimama na taulo mkononi.
Nimezoea kusema kukariri ni ganda tupu.
Usiku ule ganda lilikuwa na mtu ndani,
na sikuona kingine chochote kilichokuwa kimemshika.

Jumanne ya pili: ndiyo kumi na moja, hapana saba,
mmoja hakuinua mkono. Huyo mmoja ndiye aliyehesabu.
Tukakubaliana: atakaye aseme,
asiyetaka asimame kimya, na asihukumiwe.
"Kimya nacho ni Kibaptisti," alisema mzee Probert,
ambaye hajawahi kunyamaza mkutano mzima.

Pentekoste ikafika. Nilisema kwa lugha yangu, polepole,
nikafika kwa Mariamu, nikasimama.
Wenzangu walikwisha mpita Pilato,
wamezika, wamefufua, wamepaa;
mimi niko Kana bado, nahesabu mabalasi ya mawe,
la tano, la sita, yamejaa hadi juu.
Kulia kwangu mzee Probert, midomo imefungwa kama bahasha,
akatazama kama nimepotea ukurasa,
akanisogezea karatasi yake.